Hesabia Pia Njia ya Kurudi Usiku

Kwako mwandani wangu,

Salaam nyingi zikufikie ukiwa mzima wa afya. Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza kwa furaha ya kazi uliyoipata, na mara mbili zilizofuata kwa kuyapima yale uliyoyaeleza kuhusu vyumba viwili vilivyobaki kwenye orodha yako. Umeniuliza kama ni busara kulipa kodi iliyozidi kwa theluthi moja ili ukae karibu na kazi katika mtaa unaosifiwa kwa utulivu, au uchukue kile cha bei nafuu kilichoko mbali, katika mtaa ambao karibu kila uliyemuuliza amekutahadharisha nao. Nimekaa siku nne kabla ya kukujibu, kwa sababu jambo hili liliwahi kunisumbua mimi mwenyewe, na sikutaka kukupa jibu la haraka kisha wewe ndiwe uishi nalo.

Nilipohamia mji mgeni kwa mara ya kwanza, peke yangu kama utakavyokuwa wewe, nilichagua chumba kwa kutazama tarakimu moja tu, nayo ni kodi ya mwezi. Chumba chenyewe kilikuwa safi, na mwenye nyumba alikuwa mzee mpole ambaye hata leo sina lawama naye. Nilikwenda kukiangalia saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, watoto wakicheza nje na watu wakipita kwenda na kurudi, na haikunijia hata kidogo kujiuliza njia ile huwaje saa tatu usiku. Wiki ya kwanza kazini nilichelewa kutoka, nikashuka kituoni, nikagundua kwamba kutoka barabara yenye taa hadi mlangoni kwangu palikuwa na mwendo wa dakika tisa, ukuta mrefu upande mmoja na uwanja mtupu upande wa pili, bila hata dirisha moja linalotazama njia.

Hakuna aliyenidhuru. Nakuomba ulielewe vizuri hilo, kwa kuwa watu wengi huona kwamba kama hujaibiwa wala kushambuliwa, basi uliishi salama na hukupoteza kitu. Mimi nilipoteza. Nilianza kwa kukodi teksi kila nilipochelewa, kisha nikaacha masomo ya jioni niliyokuwa nimeyalipia, kisha nikaanza kukataa zamu za jioni zilizokuwa na malipo mazuri, hadi nikawa mtu ambaye siku yake inakwisha jua linapozama. Nilipokaa na kalamu mwezi wa nne, niliona kwamba kile nilichokiokoa kwenye kodi kilikuwa kimeliwa chote na teksi pamoja na fedha za zamu nilizozikataa. Ningehama siku ileile, ila nilikuwa nimekwisha kulipa miezi sita kwa pamoja ili nipate punguzo, na fedha ile hairudi. Kwa hiyo nilibaki miezi miwili zaidi mahali nilipokuwa nimekwisha kuamua kuondoka, na hiyo miwili ndiyo iliyokuwa mirefu kuliko yote.

Ndiyo maana nakusihi usiiweke kodi upande mmoja wa mizani na usalama upande wa pili, kana kwamba ni vitu viwili vinavyopingana. Hofu nayo ina bei, na bei hiyo hulipwa kila mwezi pamoja na kodi, isipokuwa haiandikwi kwenye mkataba.

Sasa nizungumzie sifa ya mtaa, kwa sababu naona ndiyo iliyokutisha kuliko yote. Wachunguzi wa uhalifu waliopitia kumbukumbu za polisi za mji wa Seattle, Marekani, kwa miaka 14, kuanzia 1989 hadi 2002, walikuta kwamba takriban nusu ya matukio yote yalitokea katika asilimia 4 hadi 5 tu ya vipande vya barabara za mji ule. Maana yake ni kwamba ndani ya mtaa uliopakwa matope kwa jina mna njia nyingi ambamo mwaka hupita bila tukio, na ndani ya mtaa unaosifiwa panaweza kuwa na kona moja mbaya ambayo wenyeji huijua na wageni hawaijui. Seattle si mji unaohamia, na sikuambii kwamba hesabu yake itakuwa hivyohivyo kwenu. Ninachokuambia ni kwamba sifa ya mtaa mzima ni kipimo kikubwa mno kwa swali dogo ulilo nalo. Swali lako ni kuhusu kituo kimoja cha basi, njia moja, lango moja na mlango mmoja. Anayekwambia "mtaa ule ni mbaya" muulize kwa upole ni njia gani, ni saa ngapi, na yeye mwenyewe alipita huko lini mara ya mwisho. Utashangaa ni wangapi watakaojibu kwamba wamesikia tu.

Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha yoyote, tembea mwenyewe njia ya vyumba vyote viwili, kutoka kituoni hadi mlangoni, katika saa ileile utakayokuwa ukirudi kutoka kazini, na ikiwezekana siku moja ya kazi na siku moja ya mwisho wa wiki. Nenda na mtu mara ya kwanza. Angalia kama taa zilizopo zinawaka kweli, kwa maana nguzo ya taa isiyowaka haina tofauti na mti. Angalia kama kuna madirisha yanayotazama njia, maduka yanayofungwa usiku wa manane badala ya saa kumi na mbili, watu waliokaa nje ya nyumba zao wakizungumza. Mwaka 1961 mwandishi Jane Jacobs alieleza kwamba barabara hulindwa kwanza na macho ya wanaoishi na kufanya kazi pembezoni mwake, kabla ya polisi kufika, na kwa niliyoyaona katika miji mitatu niliyowahi kukaa, naafikiana naye kabisa. Njia yenye kelele na watu wengi ilinitisha siku ya kwanza, lakini ndiyo iliyonifaa. Ile iliyonyamaza, yenye kuta ndefu na mageti yaliyofungwa, ilinivutia mchana na kunitesa usiku. Ukiwaona wanawake wanaotembea peke yao saa hizo bila kuharakisha hatua, hiyo ni habari yenye thamani kuliko maneno ya dalali.

Kuhusu fedha, umeandika kwamba umesikia kodi isizidi asilimia 30 ya mshahara, na kwamba chumba cha kwanza kinavuka kiwango hicho kidogo. Kanuni hiyo isikufunge. Ilienea sana kutokana na sheria za nyumba za umma za Marekani, ambako mwaka 1969 kodi ya wapangaji wa nyumba hizo iliwekewa kikomo cha asilimia 25 ya kipato, na mwaka 1981 kikapandishwa hadi 30. Kilikuwa kikomo cha wapangaji wa nyumba za serikali katika nchi moja, na hakikuwekwa kwa kupima nauli wala muda wa mtu anayekaa mbali na kazi yake. Wewe fanya hesabu iliyo yako. Chukua kodi, ongeza nauli ya mwezi mzima, ongeza umeme na maji kama havimo kwenye kodi, kisha ongeza teksi za usiku kwa kadiri ya ukweli na si kwa kadiri ya matumaini: kama zamu zako zitakutoa usiku mara sita kwa mwezi, andika safari sita.

Halafu kuna muda. Umesema chumba cha mbali kitakuongezea dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi. Kwa siku 22 za kazi hizo ni saa 29 kwa mwezi, yaani zaidi ya siku tatu na nusu za kazi za saa nane, ukiwa umesimama ndani ya basi. Sikuambii uzigeuze zote kuwa fedha, maana si kila saa mtu huiuza. Lakini unapoitazama ile tofauti ya theluthi moja, itazame ukijua kwamba sehemu yake inanunua saa hizo, na nyingi kati yake ni saa za giza.

Chumba chenyewe pia kikague, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu wewe ni mtu makini. Uliza kama kimewahi kuvunjwa, kwani nyumba iliyovunjwa mara moja huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena, hasa katika wiki chache za mwanzo, na kama kitasa kilekile bado kipo mlangoni basi umejua la kufanya. Hata kama hakijavunjwa, omba idhini ya kubadilisha kitasa siku unayohamia, kwa gharama yako ikibidi, kwa sababu hakuna ajuaye wapangaji waliokutangulia walichonga funguo ngapi. Tazama fremu ya mlango, si mlango tu. Kitasa kizuri kwenye mbao iliyooza hakizuii teke. Nondo za dirishani ni jambo jema, ila kama chumba kina mlango mmoja na dirisha moja, na nondo hazifunguki kwa ndani, jiulize utatokea wapi moto ukizuka mlangoni. Na usikubali kupikia mkaa ndani ya chumba kisicho na hewa, hata usiku wa baridi, kwa kuwa moshi unaoua humo ni gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu ya kukuamsha.

Lililo kubwa zaidi kwangu, na ambalo nililijua nimekwisha chelewa, ni uwezo wa kuondoka. Chumba unachoweza kukihama mwezi ujao ni salama zaidi kuliko chumba kizuri zaidi ambacho kimekufunga kwa mwaka. Kwa hiyo usikubali punguzo la kulipa miezi mingi kwa mkupuo katika mji ambao hujaukaa hata wiki. Ukiweza, panga mahali pa muda kwa mwezi wa kwanza, hata kama ni ghali kidogo, uujue mji kwa miguu yako kabla ya kujifunga. Soma kwenye mkataba ni notisi ya muda gani inayotakiwa, na ni kwa masharti gani amana yako itarudi. Piga picha za kuta, sakafu na mabomba siku unayopokea funguo. Kisha tenga akiba inayotosha kodi ya mwezi mmoja na amana ya mahali pengine, uisahau kabisa. Kama kodi ya chumba cha kwanza itakulazimu kuanza maisha bila akiba hiyo, basi chumba hicho kinakupunguzia usalama hata kama mtaa wake una walinzi kila kona, kwa sababu mtu asiye na akiba hukaa pale anapoogopa. Na fedha ya kushikilia chumba usimtumie mtu yeyote kabla hujaingia ndani ya chumba hicho na kujiridhisha kwamba anayekionyesha ana haki ya kukipangisha.

Ulidokeza kwa haya kwamba mwenzako wa kazini amekualika mshirikiane nyumba yenye vyumba viwili, na ukasema unaona kama ni kushindwa kujitegemea. Sioni hivyo hata kidogo. Kugawana kodi kunaweza kukuweka karibu na kazi bila kuigusa akiba, na mtu anayegundua kwamba hujarudi ni ulinzi ambao hakuna kitasa kinachoutoa. Sharti langu ni kwamba mkubaliane mapema, kwa maandishi, nani anapewa funguo na wageni wanalala kwa utaratibu gani, kwa maana mgeni wa mwenzako huingia kwa mlango uleule unaoulinda.

Kama ningekuwa mahali pako leo, na kama uliyoniandikia ndiyo yote, ningekwenda kwanza kuiona nyumba hiyo ya kushiriki. Ikishindikana, ningechukua chumba cha karibu kwa masharti kwamba kodi yake inaniachia ile akiba na kwamba mkataba unaniruhusu kutoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Kile cha mbali nisingekikataa kwa sababu ya jina la mtaa. Ningekikataa kwa ajili ya zile saa 29 na safari sita za teksi, isipokuwa njia yake ikithibitika kuwa na taa na watu, na zamu zako ziwe za mchana tu. Hayo ni maoni yangu, na wewe ndiwe utakayeibeba funguo.

Umesema Alhamisi jioni utapita kuziona njia zote mbili. Unaposhuka kituoni nitumie ujumbe, na unapofika langoni nitumie mwingine, kisha weka simu mfukoni utembee macho yako yakiwa njiani. Nitaziandika dakika zako hapa, tuzilinganishe Ijumaa utakaponipigia.

Mimi rafiki yako akupendaye.