Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Kaunti ya Lamu: warekodiwe wazee waliokuwa wanafunzi mkoloni alipokuwa akiondoka

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Tunakuandikia sisi tunaosomesha historia Amu (kisiwa cha Lamu) na bara yake. Ombi letu ni moja: kaunti itenge chumba na bajeti ya mwaka mmoja, wazee wetu waliokuwa wanafunzi kati ya miaka ya 1950 na 1980 warekodiwe, na karatasi zao zihifadhiwe papa hapa. Aliyekuwa na miaka 18 bendera ya Kenya ilipopandishwa alizaliwa 1945, kwa hivyo hakuna nafasi ya kuahirisha. Maktaba na makumbusho yamo katika kazi za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Jambo hili halihitaji kusubiri Nairobi.

Mtoto wa sekondari anaijua 12 Desemba 1963. Asichokijua ni kwamba babu yake wa Amu hakuzaliwa koloni. Visiwa hivi na ukanda wa maili kumi vilikuwa vya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiviendesha kwa mkataba wa Desemba 1895. Tangu 1920 bara ikaitwa Koloni ya Kenya na huku Himaya ya Kenya. Basi uhuru ulipokaribia, swali la Pwani halikuwa lini tu, lilikuwa pia pamoja na nani. Wako waliotaka Mwambao ujitenge, wako waliokuwa chama cha KANU, wako waliomfuata Ronald Ngala na chama chake cha KADU. Kamishna Sir James Robertson alitumwa 1961 kusikiliza maoni, akapendekeza Pwani iunganishwe na Kenya. Makubaliano ya Kenya na Zanzibar ya Oktoba 1963 yakaweka masharti: mahakama za kadhi zibaki, hati za ardhi zitambuliwe, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri iwezekanavyo, na maeneo yenye Waislamu wengi yapewe maofisa Waislamu kadiri iwezekanavyo. Masharti haya mwanafunzi wetu angepaswa kuyajua kwa kichwa.

Kisha likaja suala la nani Mkenya. Aliyezaliwa Kenya na mzazi mmoja aliyezaliwa Kenya alikuwa raia moja kwa moja. Aliyezaliwa hapa lakini wazazi wote wawili wametoka Hadhramaut, Kismayu au Unguja alipewa miaka miwili ajiandikishe, hadi 12 Desemba 1965. Tazama miaka hiyo ilivyokuwa: vita vya Shifta, waasi waliotaka kaskazini mashariki ijiunge na Somalia, vimepamba moto, Wabajuni wa bara wanakimbia vijiji vyao. Mtu aliyehama na mkoba mmoja atathibitisha vipi mzazi wake alizaliwa wapi? Kijana anayeulizwa cheti cha babu yake anapoomba kitambulisho analipa deni la miaka ile. Simulizi zilizorekodiwa vizuri, zenye jina la kijiji na jina la mwalimu wa chuo cha Kurani, zitamsaidia yeye na afisa aliye mbele yake.

Upande wa wanafunzi haujaguswa kabisa, nasi tunaona ndio wenye utajiri. Kwa vizazi vingi Zanzibar ilikuwa mahali pa kutafuta elimu. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yakaja mwezi mmoja tu baada ya uhuru wetu, na njia ile ikabadilika ghafla. Macho yakageukia Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Cairo. Huko vijana wakakuta mabishano mapya. Dar es Salaam, Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana kupinga sheria ya kuwalazimisha kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Nairobi, Januari 1969, chuo kikuu kikafungwa baada ya wanafunzi kupinga Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, kuzuiwa kuhutubia. Mwaka huohuo Abdilatif Abdalla wa Mombasa, kijana wa miaka 22, alifungwa miaka mitatu kwa waraka wa kuikosoa serikali ulioitwa Kenya: Twendapi? Tito Adungosi, mwenyekiti wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alihukumiwa miaka kumi mwaka 1982 akafia gerezani. Waliodai kwa sauti kubwa kwamba bendera peke yake haitoshi walikuwa vijana wenye vitabu mkononi. Vijana walioingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha ni wajukuu wa mabishano hayo, wala hakuna aliyewaambia.

Karatasi za serikali hazitoshi. Mwaka 2011 Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa ikishikilia katika ghala lake la Hanslope Park mafaili ya koloni zake za zamani, ya Kenya pekee kama 1,500, yaliyosafirishwa wakati wa uhuru. Sasa yako Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, na nakala za yanayohusu Lamu ziombwe. Lakini faili la DC, mkuu wa wilaya wa mkoloni, halitasema kijana wa mtaa wa Mkomani alisikiliza nini redio ya Cairo ilipotangaza kwa Kiswahili, wala watoto wa shule waliwaonaje wazuiliwa wa Mau Mau waliofungwa kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo tu. Mmoja wao, mwandishi Gakaara wa Wanjau, aliandika shajara kwa siri huko kizuizini. Watu wa Amu waliokuwa wakitazama kutoka upande huu hawajaulizwa.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Wazee 40, vikao viwili kila mmoja, dakika 75 kila kikao: jumla saa 100. Kikao kikipita dakika 90 mzee huchoka, huanza kujibu kwa "ndiyo" na "wallahi sikumbuki". Angalau 15 wawe wanawake, wahojiwe na wanawake, ndani ya nyumba. Barazani mama atasalimia tu. Maikrofoni ya kubana nguoni iwekwe kiasi cha shibiri moja chini ya kidevu. Feni izimwe, kwa sababu mlio wake huonekana mdogo chumbani na kumbe hufunika sauti nyembamba yote. Muda ulio bora ni baina ya adhuhuri na alasiri, punda na mikokoteni vimetulia.

Swali la kwanza lisiwe "ulikuwa Mwambao au KANU?" Mzee atafunga mlango hapo hapo, maana neno Mwambao leo huchukuliwa kama uchochezi. Anza na shule: nani alilipa ada, mlilala wapi Mombasa, mwalimu gani aliwakataza gazeti gani. Siasa itakuja yenyewe. Na usiulize mwaka. Wengi wa rika hilo hupima kwa mwezi wa Kiislamu na kwa pepo za kaskazi na kusi, kwa hivyo mhoji awe na kalenda zote mbili. Uhuru uliangukia Rajab 1383, siku chache tu na Miraji; Mapinduzi ya Zanzibar yakaja mwisho wa Shaaban, Ramadhani inakaribia. Mzee akisema "tulikuwa hatujafunga bado", hiyo ni tarehe kamili kwa anayejua kuisoma.

Sauti ihifadhiwe kama faili za WAV, zisizobanwa, 48 kHz, biti 24. Mkondo mmoja wa sauti huchukua karibu nusu gigabaiti kwa saa, yaani saa 100 ni kama gigabaiti 52. Diski tatu zinatosha, ila moja ikae nje ya kisiwa, na zilizobaki ndani ya kasha lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu. Hewa ya chumvi huharibu diski haraka kuliko kazi. Kuandika saa moja ya sauti huchukua saa sita, na lahaja ya Kibajuni zaidi, kwa hivyo vijana wanne wakifanya saa tano kwa siku watahitaji angalau siku 30 za kazi. Walipwe. Wawe wenyeji wa Faza, Siyu, Pate na Kiunga, kwa sababu mwandikaji asiyejua lahaja husahihisha maneno ya mzee bila kujua anayafuta.

Picha na kadi za vyama zipigwe skani kwa nukta 600 kwa inchi, zirudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Picha iliyogandamana na kioo isibanduliwe, ipigwe hivyo hivyo. Tunaomba sana watu wasipeleke vyeti vya zamani kutiwa plastiki kwa moto: plastiki ile haitoki tena, na wino hufifia ndani yake. Picha zisitumwe WhatsApp, hubanwa zikapoteza maandishi madogo ya nyuma.

La mwisho ni idhini. Fomu iwe ya Kiswahili, isomwe kwa sauti, ifuate Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na impe mzee haki ya kufunga rekodi yake yote au sehemu kwa miaka 10 au hadi afariki. Bila haki hiyo, waliofungwa au kufukuzwa chuo hawatasema lolote la maana. Funguo za rekodi zilizofungwa zisikae ofisi ya siasa, ziwe kwa mkutubi.

Tunaomba jibu kuhusu chumba kabla ya makadirio ya bajeti ijayo kupelekwa bunge la kaunti. Orodha ya maswali na mfano wa fomu tutakuletea mara tu utakapotupa siku.

Wako,
Walimu wa historia, Amu