Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka huu: safari zetu mbili za Zermatt

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za siku nyingi. Mambo ya ada na mikutano katibu na mhazini wameshayaandika kwahiyo mi sirudii, naongelea Zermatt tu, kile kijiji cha milimani huku Uswisi, maana ndo mliyonipigia simu sana mwaka huu.

Februari tulienda kwa mara ya kwanza kama chama. Magari tukaacha Täsch, kijiji cha jirani, kwasababu Zermatt gari za mafuta haziingii, unapanda treni kama dakika 12 alafu unashuka kwenye kijiji kimetulia kabisa, unasikia theluji tu inalia chini ya buti. Vijana waliokulia huku Uswisi walibeba skii zao wakapotelea kwenye lifti za mlimani mpaka jioni, ila sisi wengi hatujui kuteleza kwa skii, na kukodi skii na buti, tiketi za lifti, mwalimu, kwa familia ya watu wanne hela hiyo wengi hatuna. Wengine walikuja na raba, mama mmoja akateleza karibu na stesheni akaumia mkono. Hilo ni kosa letu viongozi, tulitakiwa kusema mapema watu wavae nini, nakuomba radhi sana mama. Kilichotupa raha ni sledi, kile kibao cha kukalia ukateleza kwenye theluji, toka stesheni ya Rotenboden mpaka ya Riffelberg, babu na mjukuu wamekaa sledi moja wanapiga kelele njia nzima.

Julai wazee waliosema hawarudi tena wakarudi. Treni ya Gornergrat, ile ya reli ya meno inayopanda mlima tangu 1898, ilitupandisha hadi mita 3,089, na ukiwa na Halbtax, ile kadi ya nusu nauli, unalipa nusu. Tukashuka kwa miguu hadi ziwa la Riffelsee, mlima Matterhorn mzima, mita 4,478, unaonekana ndani ya maji kichwa chini, tukakaa kwenye majani tukala chapati na maharage, watoto wakawa wanawafuata wale kondoo wa jimbo hili la Valais wenye uso mweusi. Mwenzetu mmoja wa Marangu aliwaambia watoto kwamba hapo juu kabisa bado hatujafika hata Horombo, kile kituo cha Kilimanjaro kilichoko mita 3,720. Alafu akaangalia ule mto wa barafu wa Gorner, mawe matupu yako wazi pembeni pale barafu ilipokua inafika zamani, akasema na ya Kibo aliyokua anaiona akienda shule imepungua hivohivo. Akanyamaza muda mrefu, na sisi tukanyamaza nae.

Kwahiyo uongozi unapendekeza mwakani mfuko wa chama ulipie tiketi za wazee na watoto safari ya Julai. Ya Februari ibaki, chama kikodi sledi za wote, anaetaka skii ajilipie. Na wenye makoti na buti za theluji ambazo watoto wenu zimewabana mlete kwenye mkutano, kuna familia tatu mpya zimefika mwezi uliopita na hawana kitu.