Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: waandishi wa habari za malori wafunguliwe milango

Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA UTARATIBU WA WAANDISHI WA HABARI KUFIKA KWENYE MIZANI, VITUO VYA MIPAKANI NA TAKWIMU ZA MALORI

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa mmoja wa waandishi wachache wa nchi hii ambao kazi yao ya kila siku ni habari za malori: mzigo unaotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda na Malawi, mizani unakopimwa, mipaka unakovuka, na dereva aliyekabidhiwa. Wenzangu nami tumeanza kuunda chama cha kitaaluma cha waandishi wa fani hii, na rasimu ya katiba yake inaandaliwa ili ipelekwe kwa Msajili wa Jumuiya. Tumeona ombi letu la kwanza likufikie hadharani, kwa sababu watakaofaidika nalo ni wasomaji kabla yetu sisi.

Tunachoomba ni utaratibu mmoja ulioandikwa, utakaomwezesha mwandishi anayejulikana kuingia kwenye kituo cha mizani, kituo cha mpakani na ofisi za mdhibiti, akaona, akauliza na kujibiwa, bila kutegemea hisani ya mtu. Tunafahamu kwamba mizani iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara, yaani kwa mwenzako wa Ujenzi, na kwamba forodha ni ya TRA, mamlaka ya mapato. Lakini LATRA, ambayo ndiyo mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji viko chini yako, na hakuna wizara nyingine inayoiona safari ya lori tangu kontena linaposhuka melini hadi linapovuka mpaka wa Zambia pale Tunduma. Ndiyo maana tumeanza na wewe.

Hali ilivyo sasa ni hii. Mwandishi anayetaka kuandika habari ya kina kuhusu malori ana milango miwili. Wa kwanza ni wa mwenye malori, ambaye humkaribisha yadi, humpa usafiri na chakula, na habari inayotoka hapo mara nyingi hubeba malalamiko yake dhidi ya tozo na foleni, huku muda wa dereva kupumzika ukiachwa bila kuulizwa. Wa pili ni wa dereva mwenyewe, ambaye huzungumza jioni akiwa ameegesha gari, kwa sharti kwamba jina lake na namba ya gari visitajwe, kwa kuwa anajua atakachokikuta kazini. Kauli za hawa wawili hupishana, na kinachoweza kuamua nani yuko sahihi ni takwimu zilizomo kwenye ofisi za umma. Niliwahi kuandikia ofisi moja kuomba idadi ya malori yaliyozidisha uzito kwa aina ya mzigo. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na sikupata jibu tena, ingawa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa siku zisizozidi 30 kwa ombi kujibiwa.

Naomba nieleze jambo moja kwa kirefu, ili ionekane kwa nini kufika mahali kwenyewe ni muhimu kuliko taarifa kwa vyombo vya habari. Chini ya Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, lori halipimwi uzito wa jumla peke yake. Ekseli ya mbele, yaani mhimili wa magurudumu ya usukani, ina kikomo cha tani 8. Ekseli mbili za nyuma za kichwa, yaani gari linalovuta tela, zenye matairi pacha, tani 18. Na ekseli tatu za tela, zenye matairi pacha pia, tani 24. Ukijumlisha, gari la ekseli 6 linaruhusiwa tani 50, na kikomo cha juu kabisa kwa gari la ekseli 7 ni tani 56. Sasa chukua lori lililopakia mifuko ya mbolea Dar es Salaam. Linapita mizani ya Vigwaza salama na stakabadhi inaonyesha kila kundi la ekseli liko ndani ya kiwango. Njiani linapanda mlima wa Kitonga, kona kwa kona, mifuko inalala nyuma na kubana upande mmoja, na likifika mizani ya Makambako uzito wa jumla haujaongezeka hata kilo moja, lakini ekseli za tela zimezidi. Dereva anashika karatasi mbili za mizani mbili, zote za Serikali, zenye majibu tofauti, na kwa tajiri wake anaonekana ameuza nafasi njiani kwa kubeba mzigo wa magendo.

Mwandishi aliyesimama pale, akaona gari likikanyaga mzani kundi moja la ekseli baada ya jingine, anaweza kueleza kwamba mizani zote mbili huenda zilipima sawasawa na kwamba tatizo ni namna mzigo ulivyopangwa na kufungwa. Anaweza pia kugundua kinyume chake, kwamba mzani mmoja una hitilafu, na hilo nalo umma una haki ya kulijua. Aliyezuiwa getini ataandika alichoambiwa na upande uliomfikia kwanza. Haya yametokea katika mambo makubwa kuliko gari moja. Oktoba 2013, Waziri wa Ujenzi alipofuta asilimia 5 ya uzito iliyokuwa ikivumiliwa juu ya kikomo, malori yalisimama, foleni zikajaa kwenye mizani, na baada ya siku chache Waziri Mkuu akausitisha uamuzi ule. Ninavyokumbuka, wengi wetu tuliandika kana kwamba ni mvutano wa viongozi wawili. Swali la asilimia 5 ile inaigharimu barabara kiasi gani, na ikiondolewa nani analipa, halikupata nafasi iliyostahili, na mjadala wake umekuwa ukirudi kila mara tangu hapo kama jambo jipya.

Aprili 2015 madereva walipogoma nchi nzima, kamera zilikwenda kituo cha mabasi cha Ubungo kwa abiria waliokwama, na ilikuwa sawa ziende. Lakini madai yenyewe, kuhusu mikataba ya ajira na sharti la kurudi darasani kabla ya kuhuisha leseni, yaliguswa kwa juu juu, ilhali ndiyo yaliyokuwa kiini cha mgomo. Mimi naamini kwa dhati kwamba tungekuwa na waandishi kumi au kumi na watano wanaoijua fani hii kwa undani, wanaoujua mkataba wa dereva unavyoandikwa na posho ya safari inavyokokotolewa, mambo haya yangefika mezani mwa Serikali mapema, kabla ya magari kusimama.

Kuhusu ajali sitaki kuandika mengi, kwa kuwa zinaumiza. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Kwenye mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, mkoani Mbeya, habari ya lori kufeli breki imeandikwa mara nyingi, na karibu kila mara inaishia kwenye maneno hayo hayo mawili. Breki za upepo hazifeli tu zenyewe. Huenda breki za tela zilikuwa hazijarekebishwa na kichwa kikabeba kazi yote, huenda gari lilishushwa mlima kwa gia nyepesi, isiyosaidia kulizuia gari, hadi ngoma za breki zikashika moto, huenda uzito ulizidi, au dereva alikuwa hajapata usingizi wa kutosha. Kila mojawapo ya sababu hizi ina mtu wa kuwajibika naye, na ni tofauti na mwingine. Tunaomba ripoti za uchunguzi wa ajali za malori, zikishakamilika na bila kuvunja faragha ya wafiwa, zitolewe kwa umma ili tuweze kuandika zaidi ya idadi ya majeruhi.

Wapo watakaouliza kama fani moja nyembamba namna hii inahitaji chama chake. Waandishi wa mazingira wa Tanzania wana JET tangu mwaka 1991, na waandishi wa michezo wana TASWA, na hakuna anayeshangaa. Huko Marekani na Kanada kipo chama cha waandishi wa malori, Truck Writers of North America, kilichoanzishwa mwaka 1988. Kinawakusanya wahariri na waandishi wa kujitegemea, pamoja na watu wa mawasiliano wa kampuni za sekta hiyo, na hutoa tuzo ya ubunifu wa kiufundi yenye jina la mhariri Jim Winsor, inayotambua kifaa au teknolojia mpya yenye manufaa kwa uchukuzi wa malori. Tumejifunza kwao, ila hatutaiga kila kitu. Suala la kuwapokea maofisa uhusiano wa kampuni tumelijadili kwa muda mrefu na hatukubaliani sote. Msimamo wangu, ambao nitautetea kwenye mkutano wa kuanzisha chama, ni kwamba waalikwe kwenye mafunzo lakini wasipige kura, na kwamba chama kisipokee fedha za msafirishaji, wakala wa magari wala ofisi yoyote inayosimamia barabara, ikiwemo ya Serikali. Kwa hiyo, Mheshimiwa, barua hii haiombi ruzuku.

Kazi tulizokwisha kuzianza ni ndogo lakini ni za kweli. Tunakutana kusomeana habari kabla hazijachapwa na kurekebishana makosa ya kiufundi, kwa maana mwandishi anayeita tela kontena au anayechanganya uzito wa mzigo na uzito wa gari zima humpoteza msomaji bila kujua. Tunakusanya simulizi za madereva wazee, wakiwemo waliobeba mafuta kwenda Zambia kwenye njia ya vumbi baada ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako mafuta ya Zambia yalikuwa yakipitia, kujitangazia uhuru Novemba 1965, kabla barabara ya TANZAM, ya kutoka Tanzania kwenda Zambia, haijawekwa lami. Wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na waliobaki hawatatungoja. Tumeandaa pia mwongozo mfupi wa maadili, unaomtaka mwanachama aliyesafirishwa au kulazwa hotelini na msafirishaji aliseme hilo ndani ya habari yenyewe.

Katika hayo, wizara yako inaweza kutusaidia bila gharama kubwa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha madereva na mafundi. Tunaomba kipokee waandishi kwa mafunzo ya siku chache, tujifunze breki, ekseli, ufungaji wa mizigo na saa za kazi kutoka kwa wakufunzi wenyewe, na ada tutalipa. LATRA ichapishe kila robo mwaka takwimu za malori yaliyopewa leseni, madereva waliothibitishwa na adhabu zilizotolewa, kwa Kiswahili na kwa namna ambayo mtu anaweza kuzikokotoa. Wizara za Ujenzi na Fedha ziombwe kuteua, kwa kila mizani na kwa kila kituo cha pamoja cha mpakani, kuanzia Tunduma kilichofunguliwa Oktoba 2019 hadi Rusumo, ofisa mmoja mwenye mamlaka ya kujibu maswali ya waandishi siku hiyo hiyo. Ofisa wa mzani akijibu nje ya kibali anahatarisha ajira yake, na hatutaki kumweka mtu wa chini kwenye hatari hiyo kila tunapofanya kazi.

Usalama wa vituo na siri za kibiashara za wateja wa bandari tunauheshimu. Tuko tayari kufuata masharti ya kupiga picha, kuvaa vifaa vya kujikinga, na kutotaja mwenye mzigo pasipo ulazima wa habari. Tusichoweza kukubali ni sharti la kumpa ofisa habari aisome kabla ya kuchapwa.

Rasimu ya utaratibu tunaoupendekeza tumekwisha kuianza. Ukiridhia, wawakilishi wetu watafika Mtumba siku yoyote utakayopanga, na tungefurahi zaidi kama kikao hicho kingewajumuisha TANROADS, TRA, LATRA, wawakilishi wa wenye malori na wa madereva, kila upande ukiwa na nafasi yake ya kusema.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwandishi wa habari za usafirishaji wa mizigo kwa barabara,
Dar es Salaam.

Nakala: Waziri wa Ujenzi, Waziri wa Fedha, Mkurugenzi Mkuu, LATRA, Mkuu wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji.