Mteremko upimwe kabla ya kibali cha kuvuna

Ndugu Mhariri,

Kila masika kifusi kinapoziba barabara ya Mombo–Lushoto, lawama huishia kwa mvua. Tunaomba wanaotoa vibali vya uvunaji Usambara wautazame pia mteremko wenyewe.

Mteremko uliokatwa miti yote leo hauporomoki kesho. Kisiki cha msindano (paina) hakichipui. Kinakufa, na mizizi yake midogo, ambayo ndiyo inayofunga udongo, huoza ndani ya miaka michache, wakati miche mipya bado haijashika. Hatari huwa kubwa kuanzia mwaka wa 3 hadi wa 10 hivi, mvunaji akiwa ameshalipwa na kuondoka. Hiyo ni dhuluma. Tope linateremka na Mto Soni mpaka kwenye mifereji ya wakulima wa Mombo, ambao hawakuulizwa lolote wala hawakupata hata ubao mmoja.

Tope jingi hutoka kwenye njia za kuburutia magogo kuliko penye visiki. Magogo yakiburutwa kuteremka, njia zote hukutana bondeni, na maji hufuata humo humo. Yakivutwa kwenda juu kwa winchi, njia huachana kadiri zinavyoshuka na maji hutawanyika. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walishusha magogo ya mwangati kutoka Shume hadi Mkumbara kwa waya wa angani. Hatuwasifu kwa uvunaji wao, lakini gogo linaloning'inia halichimbi mtaro.

Kupima ni rahisi. Laza fito ya mita 2, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu, uisawazishe kwa chupa iliyojazwa maji nusu, kisha pima kutoka ncha ya pili hadi chini. Sentimita 70 ni mteremko wa asilimia 35, na sentimita 120 ni asilimia 60. Kwa maoni yetu, kuanzia asilimia 60 pasikatwe kabisa. Kati ya 35 na 60 pavunwe kwa vipande vyembamba, bila trekta, na nje ya masika.

Njia zifungwe kabla wavunaji hawajaondoka: matuta ya kukinga maji kila mita 15 hivi penye mwinuko mkali, na matawi yalazwe katikati yake. Tuta likate njia mshazari. Likikaa mkingamo kabisa, maji hutuama nyuma yake hadi yalivunje. Mdomo wake utokee penye majani, usitokee kwenye udongo uliomwagwa pembeni, la sivyo korongo huanzia hapo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka kingo za mto kuwa eneo la kulindwa. Kibali nacho kitaje asilimia ya mteremko kwa namba, na sehemu ya fedha za mvunaji izuiliwe hadi mwaka wa 5, baada ya mteremko kukaguliwa tena.

Wataalamu wa misitu,
Lushoto, Tanga