Tarehe 20 Machi: Mtakatifu Cuthbert

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Ijumaa tutasali pamoja saa moja jioni kumkumbuka Mtakatifu Cuthbert, askofu wa Lindisfarne, kisiwa cha kaskazini mwa Uingereza.

Huyu mzee nampenda mno. Alikuwa mmonaki, akajitenga peke yake Inner Farne, kisiwa kidogo cha mawe na ndege wa baharini. Walipomchagua awe askofu alikataa, hadi mfalme Ecgfrith mwenyewe akapanda mashua kwenda kumsihi. Aliwekwa wakfu Pasaka ya mwaka 685. Alipohisi mwisho unakaribia alirudi kisiwani kwake, akafariki 20 Machi 687.

Miaka 11 baadaye kaburi lilifunguliwa, na wamonaki wakasimulia kwamba mwili haukuoza. Walipowakimbia Waviking, wavamizi waliotoka ng'ambo ya bahari, mwaka 875, waliondoka na jeneza lake, wakahamahama nalo miaka mingi. Sasa yuko katika kanisa kuu la Durham, na mahujaji bado wanapiga magoti hapo.

Watoto wasimulieni ile hadithi ya fisi-maji, wanyama wenye manyoya wanaoishi majini, waliomkausha miguu alipotoka kusali baharini usiku.

Kila mmoja aje na mshumaa, tafadhali. Akina mama wataongoza nyimbo.