Kambi za watoto zisiwekwe mabondeni

Mheshimiwa Mhariri,

Tangu maji ya mto Guadalupe, huko Texas nchini Marekani, yalipoingia alfajiri katika mabweni ya Camp Mystic tarehe 4 Julai 2025 na kuua watu 27, wasichana wa kambi pamoja na walezi wao, nimekuwa nikiwafikiria wazazi wao kila mvua inapoanza kupiga mabati yetu hapa Kadutu. Mto ule ulipanda takriban mita 8 ndani ya dakika 45, na katika wilaya ile ya Kerr hapakuwa na ving'ora kandokando yake. Septemba iliyofuata, jimbo lilitunga sheria ya kukataza mabweni ya kambi mahali panapofikiwa na mafuriko.

Sisi wa Kivu Kusini tunaujua msiba wa namna hiyo. Tarehe 4 Mei 2023 maji na mawe yaliifunika Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, wakafa watu zaidi ya 400. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Jirani yangu alirudi kutoka huko na kiatu kimoja cha mpwa wake, kimejaa udongo uliokauka, na hadi leo hajakiosha.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wa parokia na shule wanaopeleka watoto kambini wakati wa vakansi ya Pasaka, ambayo kwetu huangukia katikati ya mvua kubwa, wasikubali kamwe uwanja wa bondeni, hata wakipewa bure, na kila usiku awepo mtu mzima anayekesha akiutazama mto, mwenye filimbi shingoni na anayeijua njia ya kupandia mlimani gizani.

Mzazi wa Kadutu,
Bukavu