Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Tulichagua Kuakisi

Ndugu wanachama,

Mihadhara, warsha ya wanafunzi na ziara ya maabara vilifanyika kama ratiba ilivyosema. Waliokuwepo wanajua, waliokosa walitumiwa kumbukumbu.

Niende kwenye jambo lililozua maneno: uamuzi wa kupeleka fungu lote la utengenezaji kwenye sampuli za dhahabu (nyuso nyembamba zenye vijiti vidogo sana vinavyochonga mwanga) zinazoakisi mwanga, badala ya zinazoupitisha. Imesemwa mwenyekiti aliiburuza kamati. Kura ilipigwa, muhtasari upo. Hoja niliileta mimi, na sioni aibu kulisema hilo.

Wenzetu wanaotetea zinazopitisha hupenda kutaja kazi ya Harvard ya mwaka 2011, ya vijiantena vya dhahabu vyenye umbo la V vilivyopinda mwanga. Siibezi. Lakini sehemu kubwa ya mwanga ule ilipita bila kupinda. Tabaka moja jembamba sana la metali, lenye mwitikio wa umeme pekee (haliitikii upande wa sumaku wa mwanga), likigeuza polaraizesheni, yaani mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, haliwezi kupitisha kwa namna tunayoitaka zaidi ya asilimia 25 ya mwanga. Hata fundi awe hodari vipi, fizikia ndiyo imekataa.

Sasa weka kioo cha dhahabu nyuma, utenganishe kwa silika (aina ya glasi) ya unene wa makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), na juu upange vijiti vya dhahabu. Mwanga unakosa pa kutorokea nyuma. Kwa mwanga wa polaraizesheni ya mviringo (mtetemo wake huzunguka), kijiti kikizungushwa nyuzi 45, awamu ya wimbi (hatua ya mtetemo wake) husogea nyuzi 90. Ndivyo wimbi linavyochongwa nukta kwa nukta. Hologramu (picha inayojengwa na mwanga) ya aina hii iliyotangazwa mwaka 2015 ilifikia ufanisi wa asilimia 80 kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 825. Kwa tofauti hiyo, mlitaka tujadili nini tena?

Kwamba dhahabu hunyonya rangi ya bluu, nakubali. Ndiyo maana tulibaki kwenye infraredi ya karibu, mwanga usioonekana ulio mara tu baada ya rangi nyekundu. Madini ya fedha hupoteza nishati pungufu kuliko dhahabu, ila huchakaa hewani.

Inasikitisha kwamba waliolalamika zaidi hawakufika kwenye kikao chenyewe. Zaidi ya nusu yenu hamjalipa ada, ilhali mashine ya miale ya elektroni huchora kijiti kimoja baada ya kingine na hulipiwa kwa saa.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kujaribu alumini kwa mwanga unaoonekana, na pengine njia ya kupiga chapa vijiti vingi kwa pamoja kwenye maeneo makubwa. Mweka hazina atabaki ukumbini baada ya kikao, na kitabu cha stakabadhi anacho.